Usukani Mgumu na Swali la Fundi

Boti za Mokowe hazina subira. Abiria akishuka garini, mizigo imeshapakiwa, mashine imeshanguruma, na Lamu iko ng'ambo inasubiri. Safari hiyo ni fupi na maji yake mapana. Nahodha mwenye usukani mgumu anaweza kuimaliza kwa kusukuma kwa bega. Anayekwenda Pate au Faza hana bahati hiyo. Yeye hupitia Mkanda, mkondo mwembamba wenye mikoko kila upande, ambao maji yakipwa hubakiza njia ndogo tu. Humo boti huongozwa kwa kupinda kidogo kidogo, na usukani unaokwama kisha ukaachia ghafla humpeleka nahodha matopeni pamoja na abiria wake wote.

Kwenye jahazi kinachogeuka ni ubao wa usukani peke yake, na mshika kana huusikia mkondo wa maji mkononi mwake. Mashine ya nyuma ilileta mambo mengine. Tangu Ole Evinrude, Mmarekani mzaliwa wa Norway, alipoanza kuuza mashine zake mwaka 1909, kinachogeuka ni mashine nzima pamoja na propela yake. Mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa kilo 70 au zaidi, na uzito huo wote huzunguka kwenye mhimili mmoja uliofichwa ndani ya mabano ya alumini. Mhimili huo ukishika, mkono wa binadamu haufui dafu.

Fundi hodari akiletewa boti ya namna hiyo hakimbilii nyundo. Anauliza kwanza: "Nahodha, kigumu ni mashine au ni usukani?"

Mara nyingi nahodha hana jibu, maana akiwa ameshika gurudumu, ugumu wote humfikia kwa njia moja. Ufundi unaanzia hapo. Fundi anafungua nati ya kiungo, ile fimbo fupi inayounganisha waya wa usukani na mashine, halafu anaikumbatia mashine na kuigeuza kushoto na kulia. Ikizunguka kwa wepesi, mhimili hauna kosa. Ugonjwa uko kwenye waya au kwenye meno yaliyo nyuma ya gurudumu. Ikigoma, waya ulikuwa umesingiziwa. Kwa spana mbili na dakika chache mwenye boti ameokoa bei ya waya mpya ambao usingetibu kitu. Na kama mashine ni ya kuongozwa kwa mkono, fundi hutazama kwanza kile kikazio cha mzunguko. Huenda mtu alikikaza ili mashine isiyumbe safarini, akasahau kukilegeza.

Adui mkuu ni chumvi, ila mbinu zake ni zaidi ya moja. Alumini ikigusana na chuma cha pua penye maji ya bahari, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaozaliwa hapo huchukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo upenyo uliokuwa wa grisi hujaa na vyuma vikabanana. Grisi nayo ina lawama zake. Ikikaa miaka bila kubadilishwa hukauka na kugumu kama nta, na grisi mpya inayopampiwa hutafuta njia rahisi: hutokea juu ya mhimili, ilhali chini pamebaki pakavu. Asiyejua huona grisi imemwagika akaridhika. Anayejua huinama, akaangalia kama imetoka ncha zote mbili, tena safi, bila rangi ya kutu.

Kinachodai subira kuliko vyote ni fimbo ya chuma iliyo mwisho wa waya. Fimbo hii huingia na kutoka ndani ya bomba ambalo mashine hulitumia kuinukia, na hapo ndipo hukwama zaidi. Mwenye haraka huipiga nyundo kwenye ncha yake. Ncha ikipigwa hutanuka, na fimbo iliyotanuka ncha haiwezi tena kupita ndani ya bomba. Kazi ya saa moja imekuwa ya kukata kwa msumeno. Fundi mtulivu hulegeza nati kubwa inayoushika waya kwenye bomba, akanyunyiza mafuta ya kupenya, akaacha yafanye kazi usiku kucha. Kesho yake huweka kwenye ncha ya fimbo kipande cha chuma chembamba kuliko bomba, akagonga kwa kipimo. Moto anautumia akilazimika, tena baada ya kushusha tangi la petroli na mpira wake, kwa kuwa boti ya faibagilasi haimsamehe mtu kwa cheche.

Fimbo ikitoka, bomba husafishwa kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti, mpaka kitambaa kikipitishwa kitoke bila uchafu. Kisha grisi ya baharini, isiyooshwa na maji kwa urahisi. Bomba lenye tundu la grisi lina sharti lake: fimbo iwe imerudishwa ndani ya waya kabisa kabla ya kupampu. Ikiwa nje, grisi inaweza kujibana nyuma yake na kuuzuia usukani kugeuka, na dawa ikawa ndiyo ugonjwa.

Uzuri wa ufundi huu uko katika mgawanyo. Tatizo moja lililokuwa limemshinda mtu hukatwa vipande viwili, kisha kimoja hukatwa tena, mpaka ugumu wote umebaki kwenye sehemu inayoenea kiganjani. Nguvu huja mwisho, na huja kidogo. Ndiyo maana mzee mwenye mikono dhaifu anaweza kuifungua boti iliyowashinda vijana watatu.

Tena fundi huyo hujua pa kukoma. Waya ambao ala yake imepasuka na maji yameingia ndani hautibiki kwa mafuta. Hubadilishwa, baada ya kusoma urefu ulioandikwa kwenye ule wa zamani. Nati ya kiungo, ile inayojifunga yenyewe, ikilegea meno hutupwa na kuwekwa mpya, kwa sababu ikifunguka Mkanda hakuna gurudumu litakalosaidia. Akimaliza, fundi hugeuza usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia, mashine ikiwa chini, kisha ikiwa imeinuliwa, akitazama kama kiungo kinagusa popote. Ndipo anapomwambia mwenye boti bei yake.