Tazama Nyayo, Kisha Kamba

Mtu akishuka asubuhi kutoka Lenana, kilele cha Mlima Kenya kinachofikiwa na wengi, na kupumzika kwenye kibanda cha Austrian Hut, ukuta wa Nelion huwa mbele yake wote. Msimu wa Januari hakosi kuwaona wapandaji wawili wakiuparamia, wala hakosi kuwasikia watu wakiwasifu: huyu ana mikono ya chuma, yule haogopi kitu. Kwangu sifa hizo hazina uzito. Mikono ya chuma huchoka kabla ya saa nne, na mtu asiyeogopa sifungi naye kamba moja. Kupanda mwamba ni ufundi, na ufundi wake uko mahali ambapo watazamaji hawatupi macho: kwenye nyayo, kwenye kamba na kwenye saa.

Kwanza ukuta wenyewe. Lenana, yenye mita 4,985, hupandwa kwa kutembea. Nelion, mita 5,188, na Batian, mita 5,199, ni koo la volkano iliyozimika zamani. Mwili laini wa nje umeliwa na barafu na mvua, ukabaki moyo mgumu wa sainaiti uliosimama wima. Halford Mackinder alifika Batian mwaka 1899 akiwa na waongozaji wake César Ollier na Joseph Brocherel. Nelion ilisubiri hadi Januari 1929, walipoipanda Wyn Harris na Eric Shipton, kijana aliyekuja Kenya kufanya kazi kwenye shamba la kahawa. Njia yao ndiyo inayoitwa ya kawaida hadi leo, na kamba hunyooshwa mara 20 hivi kabla ya kufika juu. Kipande kimoja kimoja hakitishi. Vijana wanaofanya mazoezi Lukenya au Hell's Gate hupanda vigumu zaidi na kurudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Ndiyo maana Nelion inafaa kumpimia mtu. Pale juu oksijeni ni nusu hivi ya ile ya Mombasa, na nguvu haziwezi kuficha ufundi mbovu.

Anza na nyayo. Mpandaji hodari huangalia chini mara nyingi kuliko juu. Huchagua pa kukanyaga, huweka ncha ya kiatu taratibu mara moja tu, kisha huuhamishia mguu huo uzito wake wote bila kuusogeza tena. Anayejifunza huupapasa mwamba kwa kiatu, hugonga, huteleza, hurudia. Ukiwa chini yake unasikia soli zikikwaruza. Tazama pia visigino. Vikiwa chini na vimetulia, vigimbi vinapumzika. Vikipanda juu na kuanza kutetemeka, huyo ameshaogopa hata kama anapiga soga. Na tazama nafasi iliyopo kati ya kifua chake na jiwe. Mwoga hujibandika ukutani kama kupe, na kwa kufanya hivyo huivuta miguu itoke kwenye vikanyagio vyake. Hodari huacha nafasi, huona anakokwenda, na mikono yake hufanya kazi ya kumweka sawa tu.

Kuna mtihani mmoja wa mikono ninaouheshimu: namna anavyolishika jiwe asilolijua. Kwenye ukuta huu kila mchana kuna jua na kila usiku kuna baridi ya kugandisha. Maji huingia kwenye nyufa, huganda, huzipanua. Sainaiti hii ikiwa kavu hushika soli vizuri sana, lakini kwenye vibaraza vya mwamba vya katikati mawe yamelegea, mengine makubwa kama meza. Fundi hulibisha jiwe kwa kiganja kabla ya kuliamini. Likilia kwa sauti nzito, iliyoshikana, hulitumia. Likitoa mwangwi wa utupu, hulipita, au akikosa budi hulikandamiza kwenda chini bila kulivuta kuelekea kwake. Septemba 1970, karibu na kilele cha Batian, Gert Judmaier wa Austria alianguka jiwe lilipong'oka, akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz alibaki naye, na kumshusha kulichukua zaidi ya wiki moja, kwa juhudi za wapandaji wa Kenya na kikosi kilichotoka Innsbruck. Judmaier alipona. Rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alipoteza maisha. Wale hawakuwa wanagenzi, kwa hiyo ukimwona mtu anabisha mawe moja baada ya jingine, usimwone mzito.

Sasa kamba, ambako ndiko ninakokaa muda mrefu nikimpima mtu. Kamba ya fundi ukiitazama kutoka chini imenyooka. Ya mbabaishaji huenda kushoto, hurudi kulia, hupinda kwenye kila kabari aliyoichomeka ufani, na akifika juu inamvuta kama ng'ombe aliyegoma. Dawa yake ni tepe ndefu kati ya kabari na kamba, na anayezitumia mapema, kabla hajahisi uzito, ameshawaza mita 30 za mbele. Hesabu pia nafasi. Akiwa mita 4 juu ya kabari ya mwisho na akateleza, ataanguka mita 8, kisha kamba itanyooka na kuongeza. Kwenye mahali rahisi atakubali nafasi kubwa, na karibu na kibaraza atachomeka mapema, kwa sababu anayeanguka huko hapati adhabu ya hewani bali ya kifundo cha mguu.

Akifika kituoni, pale kamba inapoishia, usiulize amepanda vipi. Angalia alichojifungia. Nataka kuona angalau nguzo mbili zinazojitegemea, kila moja ikiwa na uwezo wa kubeba watu wote wawili, na tepe zinazoziunganisha zikiwa na pembe nyembamba, chini ya digrii 60. Tepe zikitanuka hadi digrii 120, kila nguzo hubeba mzigo mzima, na kugawana kunakuwa jina tu. Njiani kuna misumari ya zamani iliyoshika kutu na vitambaa vilivyopauka kwa jua. Mbabaishaji huvipokea kama sadaka. Fundi huvigusa, huvivuta, halafu huongeza cha kwake.

Kuhusu vifaa sina mengi, kwa kuwa havimpimi mtu. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa vita wa Kiitaliano walitoroka kambi ya Nanyuki na vifaa walivyojitengenezea kwa mabaki ya vyuma. Mmoja alipougua, Felice Benuzzi na Giovanni Balletto waliijaribu Batian, wakaona haiwezekani, wakageuka, wakasimika bendera yao Lenana, kisha wakarudi kambini. Kofia ngumu lakini ivaliwe, mawe hayaulizi.

Saa ni kipimo ambacho wengi husahau. Asubuhi huwa safi, mchana mawingu hupanda kutoka mabondeni, na theluji inaweza kuanguka juu ya mwamba uliokuwa wa moto saa moja tu kabla. Ile methali ya haraka na baraka iachwe Naro Moru, chini ya mlima. Wepesi hapa hautoki katika kukimbia. Unatoka katika vituo. Wapandaji wazuri hubadilishana vifaa kwa maneno machache, kamba yao imelazwa vizuri isisokotane, na aliyefika hafungui chochote kabla ya mwenzake kumwangalia. Dakika 10 zikipotea kwenye kila kituo cha njia hii, zinakaribia saa tatu na nusu kufikia juu. Hata uchaguzi wa msimu ni sehemu ya ufundi: mlima uko kusini kidogo tu mwa ikweta, hivyo upande wa Nelion hupata jua zuri Januari na Februari, na ukuta wa kaskazini wa Batian katikati ya mwaka. Anayekuambia njia zote mbili ni sawa mwezi wowote anatafuta malipo ya awali.

Halafu kushuka, ambako sifa nyingi hufutika. Juu kabisa ya Nelion kuna kibanda kidogo cha bati ambacho mpandaji Ian Howell alikijenga mwaka 1970 kwa kubeba vipande vyake mwenyewe ukutani, na wengine hulala humo badala ya kushuka usiku. Wanaoshuka, watazame wanavyofunga fundo kwenye ncha za kamba ili mtu asiteleze hadi nje, na kama aliyetangulia huivuta kamba kidogo kujaribu kama inasogea kabla mwenzake hajaondoka juu. Nelion ina meno ya mawe yanayopenda kuishika kamba. Asiyejaribu atalazimika kupanda tena, gizani, kufuata kosa lake.

Ukitaka kumwajiri mwongozaji pale Nanyuki au Naro Moru, acha kumuuliza amefika kileleni mara ngapi. Muulize ni wapi mtageuka na saa ngapi. Akitaja kituo na saa, kwa mfano saa sita mkiwa hamjapita katikati ya njia, endelea kuzungumza naye bei. Akikuambia msigeuke kwa kuwa yeye ana bahati, mshukuru kwa muda wake na umuulize atakayefuata.