Ndakala ya Jua Moja

Mwombe mama anayeuza ndakala ufukweni Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, akuchagulie zilizo nzuri, na utaona kwamba hazitazami. Anazamisha mkono mpaka kiwiko ndani ya gunia, anachota kutoka chini kabisa, kisha anazitikisa kiganjani karibu na sikio. Zikilia chakarachakara kama majani makavu ya mwembe, anakupimia. Zikinyamaza, anazirudisha na kuhamia gunia jingine. Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa sokoni nilipoona hivyo mara ya kwanza, nikamuuliza mama mkubwa aliyenilea anasikiliza nini. Akasema: “Anasikia kama zilianikwa jua moja au mawili.”

Miaka mingi ya kununua na kula imenionyesha kwamba hilo ndilo jambo lenyewe. Ndakala nzuri ilivuliwa usiku, ikafika nchi kavu kabla ya mapambazuko, ikatandazwa jua lilipochomoza ng'ambo upande wa Tanzania, na ikakauka kabla halijazama nyuma ya vilima vya mji. Iliyolala usiku mmoja ikiwa nusu mbichi ni chakula bado, na watu wanaila, lakini si ile tunayoizungumzia tunapolitaja jina la Kalemie mbali na nyumbani.

Kwanza ujue unanunua samaki gani. Ndakala wetu ni yule mwembamba, mwenye mstari wa fedha ubavuni, ambaye mara chache hupita urefu wa kidole cha kati. Wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae. Ndugu yake lumbu ni mnene zaidi na anaweza kufika sentimita 17. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vichanga vya ndugu hao wawili vilichukuliwa Tanganyika vikamwagwa Ziwa Kivu. Lumbu akazaa, akaenea, na leo watu wa Goma na Bukavu wanamla kwa jina la sambaza. Ndakala hakushika. Mwaka 1967 na 1968 samaki wa Tanganyika walipelekwa pia Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko nako aliyestawi ni lumbu. Kwa hiyo ukila kapenta ya Kariba au sambaza ya Kivu, umemla jamaa aliyehama. Ndakala mwenyewe hana ziwa jingine duniani. Ng'ambo wanamwita dagaa wa Kigoma, Bujumbura wanamwita ndagala, na bei yake kote inaonyesha kwamba watu wanajua tofauti.

Samaki huyu hana subira. Mchana hukaa chini penye giza, usiku hupanda kufuata vijidudu anavyokula, na hapo ndipo taa za wavuvi zinapomkuta, tumbo likiwa limejaa. Maji ya tumboni yanayosaga chakula hayaachi kazi kwa sababu mwenyewe amekufa; yakimaliza chakula yanageukia nyama. Akicheleweshwa kwenye rundo saa chache tu, ngozi ya tumbo inachanika. Ataanikwa, atakauka, atalia vizuri sikioni, lakini doa hilo halifutiki. Ndiyo maana baada ya sikio mimi huenda tumboni. Chota ndakala kumi kutoka katikati ya gunia, uzipange kwenye kiganja. Tumbo zima, lililokauka likanyooka kama mshono, ni dalili ya mtu aliyewahi. Zikiwa zimepasuka mbili, sisemi kitu. Zikipasuka nne, siulizi hata bei.

Kisha rangi. Ndakala ya jua moja ina weupe wa fedha na ubuluu kidogo mgongoni, na ukiisugua, kidole kinabaki kinang'aa. Ikianza kuwa ya manjano, kama bati lililoanza kutu, mafuta yake yamechacha. Wengine wanakwambia manjano hayo ni ya mafuta mengi, eti ni ya kunona. Usikubali. Ivunje shingoni, unuse pale ilipovunjika, usinuse mdomo wa gunia, maana mdomo wa gunia unanuka gunia. Nzuri ina harufu ya ziwa, kisha nyuma yake kitu kinachokaribia karanga zilizokaangwa. Mbaya inachoma pua. Ndakala yetu haitiwi chumvi, ni jua peke yake, kwa hiyo hakuna kitu cha kuficha harufu hiyo.

Siku moja ya kiangazi nilikaa na mama mmoja kuanzia alfajiri nione anavyofanya. Vichanja vyake vya waya vilikuwa vimeinuliwa usawa wa kiuno. Hakumwaga samaki kwa beseni kama wengine; alizirusha kwa ncha za vidole, kama mtu anayepanda mtama, hata hakukuwa na mbili zilizolaliana. Saa nne asubuhi akapita akizigeuza kwa kiganja kilicho wazi, polepole. Nikamwambia, “Mama, si ungetumia ufagio, uwahi?” Akacheka. “Baba, ufagio unavunja vichwa. Nani atanunua miili bila vichwa?” Saa tisa alasiri akachukua moja, akaipinda. Ikakatika kwa mlio mdogo. Akaita watoto waje na gunia.

Tangu siku ile natafuta alama za waya. Ndakala iliyoanikwa juu ya kichanja ina mistari midogo ya wavu ubavuni, na haina mchanga. Iliyoanikwa chini ufukweni hata ukiipepeta utaukuta mchanga menoni. Tumbukiza konzi moja kwenye bakuli la maji, koroga, subiri kidogo, umwage polepole: kilichobaki chini kitakueleza ilipolala. Siwalaumu wanaoanika chini. Ziwa lilipanda mwaka 2021 na tena mwaka 2024, likameza fukwe na nyumba za watu, na nafasi ya kuanika imebana. Kichanja kinataka waya, miti na mahali pa kukisimamisha.

Msimu una neno kubwa. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, upepo wa kusini unapuliza, na jua moja linatosha. Mvua zikianza, hata fundi hodari anahitaji siku mbili tatu, na kila wingu la mchana linamfanya akimbilie turubai. Mtu akikuuzia ndakala ya mwezi wa pili akakuapia ni ya jua moja, tazama mashavu ya samaki, chini ya jicho. Hapo ndipo unyevu hujificha, na hapo ukungu huanzia.

Halafu mwezi wa angani. Mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti kitu, nao hukaa nchi kavu. Giza likirudi, siku za kwanza kwanza mavuno huwa ya kiasi, na vichanja vinatosha. Katikati ya giza samaki wanaweza kujaa mitumbwi mpaka marundo yakasubiri zamu ya kuanikwa. Bei inashuka, na ubora nao unashuka. Mimi hununua giza linapoanza, nikilipa zaidi kidogo.

Mchanganyiko ni suala jingine. Vichanga vya samaki wanaoitwa mikebuka huvuliwa pamoja na ndakala. Utavitambua kwa mdomo mpana na miiba ya mgongoni inayochoma ulimi. Vichache si kosa la mtu, wavu hauchagui. Vingi maana yake wavu una matundu madogo mno, na mikebuka wa kesho wamo guniani mwako. Lumbu wadogo wakichanganywa, chakula hakiharibiki, ila wataiva kwa mwendo tofauti, na wanene watabaki wagumu katikati.

Udanganyifu halisi unafanyika mbali. Reli ilifika hapa kutoka Kabalo mwaka 1915, mji ukiitwa Albertville, na tangu hapo ndakala imesafiri kwa magunia kwenda kusini. Nilinunua gunia Lubumbashi kwa mfanyabiashara aliyeapa kwamba ni la Kalemie. Juu ilikuwa ndakala kweli, fedha tupu. Chini, chisense ya Ziwa Mweru, ndogo, nyeupe iliyofifia. Chisense ina wapenzi wake na sina ugomvi nayo, lakini niliuziwa kwa jina la mwingine. Ningezamisha mkono mpaka kiwiko ningejua.

Safari yenyewe inaharibu pia. Gunia lililokaliwa njiani linakuwa unga, na lililolowa linaanza upya safari ya kuoza. Tikisa gunia zima, uangalie kinachochuruzika kwenye mshono: makapi machache ni kawaida, vumbi laini la kahawia ni kazi ya wadudu.

Jikoni ndakala nzuri haihitaji mengi. Ikaange kwanza kwenye sufuria kavu mpaka nyumba nzima inukie, kisha vitunguu, nyanya, mawese, pilipili nzima juu, na maji kidogo. Ikibaki na umbo lake, kichwa kwa mkia, pembeni ya bukari, yaani ugali, ujue kazi ya kichanja ilikuwa safi. Ya majua mawili huyeyuka na kufanya mchuzi kuwa mzito wenye rangi ya udongo.

Mikebuka na kuhe nitawataja kwa ufupi kwa sababu hao unawahukumu kama samaki yeyote mbichi: jicho lililojaa, shavu jekundu ndani, nyama inayorudi ukiibonyeza. Kuhe ana nyama nyeupe laini ambayo kiungo kingi kinaifunika, kwa hiyo mpike na chumvi na ndimu tu. Ndakala mbichi, iliyokaangwa asubuhi ileile ufukweni mpaka mifupa inageuka kama chipsi, sina namna ya kukufundisha kuichagua. Ukiikuta, mavuno ni ya usiku wa jana, kaa chini ule.

Kwa ile kavu linabaki jaribio la mwisho, ambalo mama mkubwa hakuliacha hata kwa muuzaji aliyemjua miaka ishirini. Aliomba ndakala moja, akaitia mdomoni nzima, na kuisukuma kwenye magego. Kwanza inavunjika. Kisha inalainika, na uchungu mdogo wa tumbo unapita ulimini. Hapo alinyamaza, akiwa ameshika pesa mkononi, akingoja utamu unaokuja nyuma ya ule uchungu. Ukija, alilipa. Usipokuja, alimshukuru mwenye gunia, akafuta mikono kwenye kitenge, tukaenda kwa mama anayefuata.