Goti la Akhwari: Saa Inasema Nini

Oktoba 20, 1968, jijini Mexico City, giza lilikuwa likiingia na watazamaji wengi wameondoka pale John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania kutoka Mbulu, alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:20:26. Akhwari alimaliza kwa 3:25:27, akiwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliofika. Alianguka karibu na kilometa ya 19, akaumia bega na goti, na tangu hapo husimuliwa kwamba goti lake liliteguka.

Ujasiri wake umesifiwa sana, na unastahili. Goti lenyewe ndilo halijachambuliwa vya kutosha.

Saa ya mbio ni shahidi mzuri. Tuseme hadi anaanguka Akhwari alikwenda kwa kasi ya mshindi, yaani dakika 3 na sekunde 20 kwa kilometa. Kilometa 19 zingemchukua dakika 63 hivi. Zinabaki dakika 142 kwa kilometa 23, pamoja na muda wa kufungwa bendeji. Hiyo ni karibu kilometa 10 kwa saa, wakati mtu anayetembea kwa haraka hufikisha 6. Kumbe ile picha maarufu ya mtu anayejikongoja ni ya mwisho wa safari tu. Sehemu kubwa ya njia, Akhwari alikimbia.

Na goti linalokimbia ni goti linalokunjwa huku limebeba mzigo.

Pale goti lilipo hukutana mifupa mitatu: wa paja juu, wa muundi chini, na pia ya goti mbele. Umbo la mifupa hiyo halisaidii sana kuishikanisha, kwa kuwa ncha ya paja ni ya mviringo na uso wa muundi ni karibu tambarare. Kazi ya kuishika ni ya kano. Mbili ziko pembeni, na mbili zimepishana katikati ya kiungo: ya mbele huzuia muundi kuteleza kwenda mbele, ya nyuma huuzuia kurudi nyuma. Kati ya mifupa kuna gegedu mbili za umbo la hilali zinazosambaza uzito ili usiangukie sehemu moja.

Wengi hulifananisha goti na bawaba ya mlango, lakini goti lina jambo ambalo bawaba haina. Mguu ukinyooka hadi mwisho, muundi huzunguka kidogo kuelekea nje na kiungo kikajifunga. Ndiyo maana mchungaji husimama saa nzima bila mapaja kumchoka. Ili goti likunjwe tena, msuli mdogo ulio nyuma yake hulifungua kwanza.

Sasa, muundi ukitoka kabisa chini ya paja, kano kadhaa hukatika, na ateri kubwa inayopita nyuma ya goti huwa hatarini. Hakuna anayekimbia kilometa 23 na goti la namna hiyo. Kwa hiyo kiungo kikuu cha Akhwari hakikuhama. Linaloelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba kano zilivutika, au pia ya goti ilitoka njiani ikarudi. Mfupa wa paja umeinama kuelekea ndani, hivyo misuli ya mbele huivuta pia ya goti upande wa nje. Ikipata pigo inaweza kuruka ukingo wa mfereji inamopita kwenye mfupa wa paja, na mara nyingi hurudi mguu unaponyooshwa.

Baada ya hapo goti huvimba, na uvimbe huzuia neva kuuamsha msuli wa paja hata mwenyewe akijitahidi. Kila linavyokunjwa, mgandamizo nyuma ya pia huongezeka: kutembea tambarare ni kama nusu ya uzito wa mwili, kupanda ngazi ni kama mara 3, kuchuchumaa ni mara 7 au zaidi. Mwili hujitetea kwa kukaza mguu. Kule kuchechemea uwanjani ndiko huko.

Kuna ushahidi mwingine. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alishika nafasi ya 5 katika marathoni kwa saa 2:15:05. Goti lililokatika kano zake kuu lisingefika huko.

Kijana wa kijijini Kenyamonta, Serengeti, anayeumia mpirani au kuanguka na bodaboda asijipime kwa Akhwari. Goti likihama, usilivute. Lifunge lilivyo, kisha gusa mguu chini ya goti. Ukiwa baridi, umepauka au umekufa ganzi, huenda ateri imeguswa, na damu inatakiwa irudi ndani ya saa 6 hivi, la sivyo mguu unaweza kukatwa. Tafuteni gari wakati huohuo, mwende hospitali ya Mugumu, na mkiwa njiani mpige simu huko ili rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ianze kuandaliwa kabla hamjafika.