Maji Hayana Haraka

Tangi la matumbawe linapotangazwa kuuzwa mjini Berlin, maneno ya tangazo huwa yale yale: tangi, taa, pampu, kichuja povu, vyote kama vipya, mwenyewe hana muda tena. Bei ni nusu ya ile ya dukani au chini yake. Pichani mawe yamevaa mwani wa kahawia, na samaki mmoja aliyesalia anazunguka peke yake. Mwulize muuzaji taa ile ina wati ngapi, atakujibu papo hapo. Mwulize chumvi ya maji ilikuwa kiasi gani wiki iliyopita, atatafuta maneno. Mimi niliyekulia Tanga, ambako bamvua ikipwa na mwamba ukifunuka tulionywa tusiukanyage, nayasoma matangazo haya kwa uchungu. Vifaa vyote vipo. Kilichokosekana ni mtunzaji.

Jirani yangu mmoja wa Neukölln, mtaa wa Berlin, mzee aliyestaafu ufundi bomba, ni mtunzaji. Asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, huvuta kigoda mbele ya tangi lake akakaa. Haligusi. Anatazama kama matumbawe yamefungua midomo yao, kama konokono wamepanda kioo kukimbia jambo fulani majini, kama samaki wanamjia au wamejibanza mapangoni. Halafu huweka kiganja kwenye kioo karibu na pampu na kuusikiliza mtetemo, maana pampu inayoanza kushikwa na chokaa hubadili sauti kabla haijapunguza nguvu. Mwisho hufungua daftari: tarehe, joto, chumvi, alkali. Mwandiko ni wa mtu asiyependa kurudia kazi, na kurasa za mwanzo zimevimba kwa matone ya maji ya chumvi yaliyokaukia humo.

Siku niliyomwuliza mtu anayeanza aongeze kifaa gani kwanza, nilitarajia ataje taa. Akaniinulia ndoo ya maji yaliyochujwa. “Haya maji,” akasema, “halafu kipimo.” Maji ya bomba ya Berlin yana chokaa nyingi; birika lolote la mji huu ni shahidi. Tena si chokaa tu. Maji ya bomba, popote pale, yaweza kubeba naitreti, fosfeti na silika, ambavyo ni chakula cha mwani, na pengine shaba ya mabomba, ambayo ni sumu kwa kamba na konokono. Mtambo unaoyasukuma maji kupitia utando, kisha kwenye chembe za kunasa madini yaliyobaki, hauwaki wala haumeti. Hukaa chini ya sinki, na hakuna mgeni aliyewahi kuingia nyumbani akausifu. Ndiyo maana, alisema mzee, watu huununua mwisho, wakishamaliza pesa kwenye dawa za kuua mwani.

Kipimo cha chumvi nacho kina adabu yake. Kile cha bei rahisi, chenye mshale wa plastiki, hudanganywa na kiputo kimoja cha hewa kilichoung’ang’ania mshale. Mzee hutumia cha lenzi: tone moja juu ya kioo, jicho kwenye mwanga wa dirisha. Hukirekebisha kwa maji maalumu yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo, kiasi kinachokaribiana na bahari yenyewe. Baada ya hapo huja hesabu ya maji yanayopotea hewani. Maji huondoka, chumvi hubaki. Tangi la lita 60 likipoteza lita 2, gramu 35 zimeshapita 36, na tumbawe lililozoea bahari isiyobadilika hivyo kati ya asubuhi na jioni hujikunja. Kwa hiyo kifaa chake cha tatu kilikuwa kijipampu chenye kihisi, kinachorudisha maji matamu kidogo kidogo mchana na usiku. Tangi dogo, ambalo wauzaji humsukumia anayeanza kwa madai kwamba ni rahisi, ndilo linaloyumba upesi zaidi.

Hita aliweka mbili ndogo pale ambapo moja kubwa ingetosha. Hita huharibika kwa njia mbili: hukataa kuwaka au hukataa kuzima. Ndogo ikikataa kuzima haina nguvu ya kuwapika samaki kabla mwenye nyumba hajaamka. Hayo ni mawazo ya fundi bomba, mtu aliyeishi akijiuliza kila kitu kitaharibika vipi na lini.

Kazi hii ya kutunza matumbawe ilianza na mikono. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster Abbey, alichukua matumbawe ya mawe kutoka Torquay, akayashonea kwenye sifongo kwa sindano na uzi ili yasigongane njiani, akayafikisha London ndani ya mtungi. Pampu hazikuwepo. Maji yalipoanza kuchoka, mtumishi wake wa kike alisimama mbele ya dirisha lililo wazi akiyamimina kutoka chombo hiki kwenda kile, nusu saa na zaidi, ili yapate hewa. Vitabu humkumbuka bibi. Aliyewaweka hai wanyama wale ni mkono wa mtumishi. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyotunza matumbawe kwa maji ya bahari, mwamba hai (mawe yaliyotolewa baharini na viumbe wake), jua, na viputo vya hewa, basi. Baadaye watunzaji wa Berlin waliuchukua mwamba ule hai, wakaongeza kichuja povu chenye nguvu na taa kali badala ya jua wasilokuwa nalo, na njia yao ikaenea duniani ikiitwa kwa jina la mji. Kila kifaa kiliingia kwa sababu kulikuwa na kitu kinachokosekana, na aliyekiingiza alikijua kitu hicho kwa jina.

Mkondo ndio niliouelewa bila kufundishwa. Aliyekaa pwani anajua kwamba juu ya mwamba maji hayana upande mmoja. Kaskazi ikivuma yanakuja hivi, kusi ikishika yanakuja vile; yakijaa yanapanda mwambani, yakipwa yanateleza kurudi kilindini, na kati ya hayo yote kuna wimbi linalogonga, linagawanyika, linarudi na kukutana na jingine. Nikiwa mtoto nililala kifudifudi kwenye ngalawa, uso majini, nikitazama matawi ya matumbawe na samaki wadogo wa buluu waliokuwa wakiyumba pamoja, huku, kisha kule, kisha huku, na sijawahi kuona tena utulivu unaotembea namna ile. Anayeanza hununua pampu moja kubwa, akaielekeza kwenye tumbawe, na baada ya muda nyama ya tumbawe inabanduka ikabaki mifupa myeupe. Mzee ameweka pampu mbili za wastani, moja kila ncha, zikitazamana. Maji hukutana katikati yakapoteza mwelekeo. Kwa saa moja pampu hizo husukuma maji mara 20 ya ujazo wa tangi au zaidi, na bado hakuna tawi linalopigwa usoni. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilinyamaza. Palikuwa na kipande cha Tanga ndani ya sebule ya Neukölln, na kilikuwa kimetengenezwa na mtu ambaye hajawahi kufika huko.

Kichuja povu alikinunua baada ya hapo. Viputo vidogo hupanda, uchafu unaopenda kushika uso wa maji hung’ang’ania viputo, povu hufurika kwenye kikombe cha juu. Ni povu lile lile linalolundikana ufukweni siku za upepo, ila hapa mtu hulimwaga kwa mkono na kukiosha kikombe, maana kikombe kichafu hakikamati kitu. Ukubwa wa tangi unaoandikwa kwenye boksi la kifaa hicho mzee huugawa kwa mbili ndipo auamini.

Taa ilikuja mwisho, na hata ilipokuja aliiwasha kwa nguvu ndogo akawa anaipandisha polepole wiki baada ya wiki. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi viumbe wa kijani-kahawia, wadogo kupita jicho, wanaogeuza mwanga kuwa chakula cha mwenyeji wao. Mwanga mkali wa ghafla huvuruga ujirani huo; tumbawe huwatoa, likabaki jeupe, na laweza kufa kwa njaa. Taa ya gharama kubwa juu ya maji machafu hukuza mwani tu. Na pampu ya kudondosha kalsiamu na alkali hakuinunua mpaka daftari lilipomwonyesha, wiki kwa wiki, kwamba matumbawe yamekua kiasi cha kuyamaliza madini hayo upesi kuliko kubadilisha maji kunavyoweza kuyarudisha. Tumbawe lenyewe ndilo lililoomba kifaa.

Ukiifuata orodha ya mzee utaona kanuni ambayo hakuwahi kuitamka. Mashine hupewa kazi ya mkono: kumimina, kusukuma, kupasha joto, kujaza pengo. Kazi ya jicho hapewi yeyote. Vifaa vinavyouzwa kwa kelele leo vinaahidi kinyume chake, kwamba simu itatazama kwa niaba yako, itapima, itakujulisha, nawe uende zako. Simu itakuambia joto limefika 27. Haitakuambia kwamba yule samaki mwenye mistari, ambaye jana alikula mkononi, leo amegeukia ukuta.

Zamani, wazee wa kazi hii wananieleza, mtu hakununua tumbawe la kwanza, alipewa. Walikutana kwenye vyumba vya nyuma vya baa, kila mmoja na mtungi wake. Mwenye tumbawe lililostawi alikata tawi akampa anayeanza, kwa sharti moja lisiloandikwa: langu likifa, utanikatia kwako. Dietrich Stüber, mmoja wa waasisi wa njia ya Berlin, aligawa vipande vya tumbawe lake la matawi hivyo, na uzao wake ukaenea kwenye matangi ya Ulaya ukibeba jina lake. Aliyepokea kipande alipokea pia maelekezo na aibu ya kukiua. Leo kipande huja kwa posta ndani ya boksi, na hakuna anayeuliza kilikwendaje.

Hasara ya uzembe huu haiishii sebuleni. Philip Henry Gosse alipochapisha kitabu chake cha akwaria mwaka 1854, Waingereza walimiminika pwani na ndoo zao, na mwaka 1907 mwanawe Edmund aliandika kwa majonzi jinsi vidimbwi vya mawe vilivyokwanguliwa hadi vikabaki vitupu. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki, samaki wa mapambo bado hukamatwa na wapiga mbizi wa pwani ya Kenya kwa nyavu ndogo, hufungwa kwenye mifuko yenye maji na oksijeni, wakapandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani. Mwamba wanakotoka si ule wa wazazi wetu. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe kwa maeneo makubwa. Mahali kama Chumbe, Zanzibar, palipohifadhiwa rasmi tangu 1994, tunapasifu kwa haki, lakini tunapasifu kwa kuwa ni pachache. Kutoa kiumbe kwenye bahari iliyochoka, ukakivusha mabara, kisha kikafa kwa sababu mnunuzi alipenda taa kuliko maji, huo ni ufujaji, hata kama umelipiwa risiti.

Basi wewe unayeanza, na pesa inakuwasha mfukoni, anza na maji safi, kipimo cha kweli, na daftari. Ongeza kifaa pale tu unapoweza kusema kwa sentensi moja ni upungufu gani ulioona kwa macho yako. Tafuta mzee wa kazi hii aliye karibu nawe, umwombe tawi, uahidi kumrudishia. Na kama huna nafasi ya kutazama maji kila siku, usinunue kitu. Liache tumbawe likae baharini.