Nokia Ilihama, Mizigo Ikabaki kwa Mteja

Utasikia mara nyingi kwamba Nokia ilianguka kwa sababu iligoma kubadilika. Mimi nabisha. Hesabu nami: mwaka 2011 ilikuwa inauza simujanja za Symbian, ikatoa N9 yenye MeeGo, kisha ikaingia Windows Phone 7. Mwaka 2012 ikaja Windows Phone 8, na Februari 2014 ikatoa Nokia X, iliyojengwa juu ya Android. Mifumo mitano kwa miaka mitatu! Hiyo kampuni imegoma kubadilika kweli?

Ili uone uzito wake, fikiria jengo la fremu pale Kariakoo. Mfumo endeshi ndio jengo, programu ndio wapangaji. Programu haizungumzi na kioo wala kamera moja kwa moja, inaomba kupitia mfumo, kwa lugha ya mfumo huo. Ukivunja jengo, wapangaji wote wanatoka, hata kama unajenga ghorofa zuri zaidi. Programu ya Symbian haikuweza kufanya kazi kwenye Windows Phone. Ilibidi iandikwe upya, na wengi hawakujisumbua.

Kilichoumiza zaidi ni cha Juni 2012. Microsoft ilitangaza kwamba simu za Windows Phone 7 hazitapata toleo la 8. Sababu ni ya kiufundi: kiini cha mfumo wa zamani kilitokana na Windows CE, kipya kikatoka kwenye Windows NT, familia ya Windows ya kompyuta. Sawa, tumeelewa. Lakini Lumia 900 ilikuwa imeingia sokoni Marekani Aprili ya mwaka huohuo! Wenye simu hizo wakapewa toleo la 7.8, lililoleta mwonekano mpya wa skrini ya mwanzo, basi.

Sasa rudi kwetu. Miaka ile nyimbo zilisambaa kwa Bluetooth na memori kadi. Lumia za mwanzo hazikuwa na sehemu ya kadi, na Windows Phone 7 haikuruhusu kurushiana faili kwa Bluetooth. Wimbo uliingia kupitia kompyuta yenye programu ya Zune. Yaani mtu anayetoka kwenye Symbian, ambako vyote hivyo vilikuwepo, analipa zaidi kupata pungufu.

Utasema Symbian ilikuwa imezeeka. Kweli kabisa, kuhama kulikuwa lazima. Ila kuna namna ya kuhama. Apple ilipobadili vichakato vya kompyuta zake mwaka 2006, iliweka Rosetta, programu ya kutafsiri, ili programu nyingi za zamani ziendelee kufanya kazi wakati mpya zinaandikwa. Nokia haikumjengea mtu wa Symbian daraja la namna hiyo. Kila uamuzi mpya wa wakubwa uligeuka kuwa gharama ya mnunuzi. Hata Nokia X, miezi michache tu baada ya kutoka, Microsoft, ambayo Aprili 2014 ilishainunua biashara ya simu ya Nokia, ilitangaza Julai kwamba inaiachia njiani. Mwaka 2015 Microsoft ikafuta thamani ya dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyake.

Linganisha na M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008. Ukipiga *150*00#, menyu inatoka kwenye mtandao wa simu, haitegemei mfumo endeshi wako. Kitochi cha mwaka 2003 kinaipata, na simu ya leo inaipata. Nadhani ndiyo maana watu wameweka humo pesa zao bila kujali simu waliyonayo: kampuni ya simu ikibadili mawazo, salio lao halitikisiki.

Kwa hiyo ukivuka Mnazi Mmoja kwenda kununua simu Mtaa wa Aggrey, usiishie kuuliza kamera na ukubwa wa memori. Uliza toleo gani la Android, na masasisho ya usalama yataletwa hadi mwaka gani. Muuzaji asipojua, angalia tovuti ya mtengenezaji kabla hujatoa hela. Mtengenezaji ambaye hajaandika popote mwaka huo hajakuahidi kitu, na wewe usimhesabie ahadi.