“Sina Makosa”: Utetezi Mtamu wa Mtu Mwenye Makosa

Kuna wimbo ambao karibu kila mtu Nairobi anaujua na wachache sana wanausikiza. Gitaa likianza tu, konda, mzee wa bucha na shangazi yako wa harusini wote wanaitikia. Huku Kabiria, Jumapili mchana, unaweza kuupata kwa kinyozi, na ukiukosa hapo utaupata kwa nyama choma. Ni “Sina Makosa” wa Les Wanyika. Kwangu mimi, mji huu haujawahi kurekodi wimbo mjanja kuushinda, na dalili ya ujanja wake ni kwamba tunauimba kwa sauti bila kushtuka.

Les Wanyika walianza 1978, wanamuziki kadhaa walipotoka Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga. Katika bendi hiyo mpya walikuwepo Omar Shabani kwenye gitaa la rithim, Tom Malanga kwenye besi, na John Ngereza kwenye solo. Hata jina lao lina utani ndani. “Les” ni alama ya wingi kwa Kifaransa, na “wa-” ni wingi kwa Kiswahili. Vijana kutoka Tanzania, wakiwa Nairobi, wamevaa koti la Kikongo, na wako wengi mara mbili.

Sasa sikiza kesi yenyewe. Mwanamume amekasirikiwa na mwanamume mwingine, hasira ya kuua kabisa, na sababu ni mwanamke. Anaapa hana makosa. Sawa. Lakini akifika kwenye utetezi wenyewe, hasemi kwamba hamjui huyo mwanamke. Hasemi kwamba alikuwa kwingine siku hiyo. Anachosema, kwa maneno yangu, ni hiki: huyo dame si mke wako, wala si mke wangu, kwako nyumbani kuna mtu, kwangu pia kuna mtu, sasa tunagombania nini?

Rudia hiyo polepole. Huo ni utetezi kweli? Buda amejibu shtaka kwa kukubali kila kitu, kisha amemvuta mlalamishi kizimbani wakae pamoja. Wote wawili wana wake. Wote wawili wametoka nje. Na kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kukasirika, basi hakuna aliyekosa! Hesabu inaingia sawasawa, na ndiyo sababu inachekesha. Ni ile hoja ya mtu aliyeshikwa, ambayo huwezi kuipinga bila kujianika mwenyewe.

Halafu kuna adabu. Jamaa hatoi tusi hata moja. Anamnyenyekea mwenzake kwa lugha ya heshima, kama mtu anayeomba nafasi kwenye foleni. Kiswahili hicho laini ndicho kinachotudanganya. Muziki nao unasaidia uongo. Rithim ya Shabani inazunguka palepale, tulivu, kama mtu anayerudia maelezo yaleyale akitumaini utachoka kuuliza. Besi ya Malanga inatembea chini bila haraka. Maneno yanapoisha, magitaa yanaendelea, na wewe unacheza. Ukishacheza, umeshamwachilia mshtakiwa.

Hapa ndipo nina jambo na wazazi wetu. Gengetone ilipotoka, 2018 hivi, Ethic na wenzao waliambiwa wanaharibu watoto, kwamba muziki wa zamani ulikuwa na maadili. Wapi? Wimbo unaopigwa kwenye harusi, bibi harusi akiwa amesimama na gauni jeupe, ni wa wanaume wawili wenye wake wanaogombana juu ya mwanamke wa tatu. Tofauti ni kwamba gengetone inataja kitu kwa jina lake la mtaani, na Les Wanyika wanakizungukia kwa Kiswahili sanifu. Sisemi huu ni bora kuliko ule. Nasema usafi wa lugha si usafi wa mambo, na Les Wanyika walilijua hilo vizuri kuliko mashabiki wao.

Kitu kimoja bado kinanikereketa kila nikiusikiza. Mwanamke mwenyewe hana jina. Ni “yule” tu, kiashiria cha mtu wa mbali, asiyekuwepo kwenye mazungumzo. Wake wa nyumbani nao hawana hata hicho kiashiria. Wametajwa kama mali ya kuthibitisha kwamba kila mtu anayo yake. Wanawake watatu ndani ya kesi moja, na hakuna aliyeitwa kutoa ushahidi. Ningependa kusikia bendi moja ya sasa, ya wasichana wa huku kwetu, ikiwarekodia majibu yao. Na wasitumie hasira. Watumie rithim hiyohiyo, na adabu hiyohiyo, tuone ni nani ataendelea kucheza.