Mkono wa Mfawidhi

Hospitali ikimtafuta mfawidhi wa wodi, mara nyingi humchukua muuguzi hodari kuliko wote. Ni yule anayepata mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji pale wenzake waliposhindwa, anayemtazama mama aliyetoka kujifungua akajua kwamba damu inamtoka kuliko inavyopaswa, ambaye daktari mgeni humuuliza kwanza kabla ya kumpigia simu bingwa. Anapewa barua. Anakabidhiwa funguo za kabati la dawa na daftari la ripoti, na kuanzia Jumatatu anawasimamia watu ambao Ijumaa alikuwa anakula nao mchana. Vifaa vyote anavisainia kimoja kimoja. Namna ya kuifanya kazi yenyewe, hakuna anayemkabidhi.

Nataka kuusifu ufundi huo kwa sababu siusikii ukisifiwa. Tunamsifu mpasuaji, tunamsifu mkunga, na wanastahili. Lakini wodi ya vitanda thelathini, yenye wagonjwa wanaobadilika kila siku na wauguzi wa zamu tatu ambao hawakutani wote hata mara moja, haiendi kwa uhodari wa mtu mmoja. Inakwenda kwa sababu kuna mtu aliyefikiria mapema nani atakuwepo saa nane usiku, atakuwa na vifaa gani, na atamwita nani akizidiwa. Hayo ni mambo madogo, na kila moja lina namna ya kufanywa vizuri ambayo mtu hujifunza.

Florence Nightingale aliyaheshimu mambo hayo madogo kuliko watu wengi waliomfuata. Mwaka 1854 alikwenda Scutari, ng'ambo ya Istanbul, kuwauguza askari wa Uingereza katika vita vya Crimea. Miaka mitano baadaye, katika kitabu chake Notes on Nursing cha 1859, aliandika sura nzima kuhusu usimamizi wa mambo madogomadogo, akaiweka ya tatu, mara tu baada ya sura za hewa safi na afya ya nyumba. Hoja yake ni kwamba uuguzi, hata uwe mzuri kiasi gani, unaweza kuharibika ikiwa muuguzi hakupanga jinsi jambo analolifanya akiwepo litakavyofanyika asipokuwepo. Kusimamia, kwake, ni kuhakikisha kila mwenzako naye anafanya linalotakiwa. Anayejitwisha yote mwenyewe bado hajaanza kusimamia. Sijaona mafunzo ya uongozi yaliyolieleza jambo hili vizuri zaidi.

Ufundi huanzia kwenye rosta. Mtu wa nje akiiona imebandikwa ukutani huona majina na alama tu: asubuhi, mchana, naiti, ofu. Mfawidhi anaona watu. Anajua kwamba aliyetoka naiti asubuhi hawezi kurudishwa kazini mchana wa siku hiyohiyo, halafu apime dozi ya mtoto kwa uhakika. Anajua kwamba walioajiriwa mwezi uliopita wasiwekwe wawili peke yao usiku, maana usiku daktari yuko mbali, maabara ina mtu mmoja, na anayehitajika ni mtu aliyewahi kuona mgonjwa akibadilika ghafla. Anajua nani ananyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama huyo hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi, lakini sheria haisemi nani ataviangalia vitanda vyake katika saa hizo mbili. Hilo husemwa na rosta. Na anakumbuka nani alikuwa kazini sikukuu iliyopita. Ziko wodi hapa Tanzania ambako wauguzi Wakristo huwashikia zamu wenzao Waislamu siku ya Idi, nao Waislamu huwashikia Krismasi. Mpango huo mzuri hauji wenyewe: lazima kuwe na mtu aliyeuandika, akautunza kichwani mpaka zamu ya upande wa pili ifike.

Mfawidhi mpya hukosea rosta kwa njia mbili. Ya kwanza, upendeleo, kila mtu anaijua na hugunduliwa mapema. Ya pili ni ya watu wema: kuziba kila pengo kwa jina lake mwenyewe. Mtu akiugua, anaingia yeye. Mtu akifiwa, anaingia yeye. Baada ya muda amechoka, hasira ziko karibu, na wodi imeshazoea kwamba pengo lina mwenyewe. Nampenda mfawidhi mwenye moyo huo, lakini namsihi aache. Rosta nzuri ina majina ya akiba yaliyokubaliwa mapema, ina utaratibu wa kubadilishana zamu ambao wote wanaujua, na hutolewa mapema kiasi cha mtu kuweza kujipanga kwa harusi ya mdogo wake. Ikishabandikwa, inamfunga hata aliyeiandika.

Baada ya rosta kuna kukabidhi zamu. Ziko wodi zinazokabidhiana mezani: anayetoka anasoma daftari, anayeingia anaitikia, basi. Nyingine hukabidhiana kitandani, wote wanatembea kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, na hapo dripu iliyosimama inaonekana, bandeji iliyolowa inaonekana, na mgonjwa mwenyewe anaweza kusema kwamba dawa ya saa kumi na mbili hajaipata. Njia hii ya pili ni bora, na ni rahisi kuiagiza kwa tangazo. Kuifanya idumu ndiyo kazi. Mfawidhi anayejua atatembea nao siku za mwanzo, na katika kila kitanda atauliza swali lilelile: kwa mgonjwa huyu, unahofia nini usiku wa leo? Haulizi ili kumnasa mtu. Anauliza mpaka wauguzi waanze kuulizana wenyewe, na siku hiyo yeye anaweza kubaki mezani akiandika oda ya dawa.

Gumu kuliko yote hayo ni kuuzuia mkono. Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha 1984, From Novice to Expert, hatua tano anazopitia muuguzi kutoka ugeni hadi ubingwa, akaongeza kwamba bingwa akipelekwa mahali asipo na uzoefu napo anaweza kuwa mgeni tena. Anayepewa wodi kuisimamia amepelekwa mahali pa namna hiyo, ingawa hajatoka kwenye jengo. Mikono yake inajua kila kitu, na mikono hiyohiyo inamvuta nyuma. Kijana anahangaika na kanula, jasho linamtoka, ndugu wa mgonjwa wanatazama. Bingwa angesogea, angechukua sindano na kumaliza kwa dakika moja, na kila mtu angeshukuru. Kijana naye angeondoka bila kujifunza zaidi ya hili, kwamba yeye hawezi.

Ikiwa mtoto amelegea, mikono na miguu imepoa, hapo hakuna kufundisha. Mfawidhi anachukua sindano, maelezo yatafuata. Lakini mgonjwa akiwa na hali nzuri, anasimama kando ya kijana, mikono nyuma, na kwa sauti ambayo ndugu hawaisikii anamwambia afunge kamba juu kidogo, autafute mshipa kwa ncha ya kidole kabla ya kuuchoma, ashushe pumzi. Kosa analiona likikaribia. Anapaswa kuamua papo hapo kama ni la kuzuia, kwa sababu litamuumiza mgonjwa, au ni la kuacha litokee kisha lirekebishwe. Uamuzi huo wa sekunde chache ndio kiini cha ninachokisifu. Unahitaji ujuzi wote aliokuwa nao akiwa muuguzi wa kawaida, na juu yake subira ambayo zamani haikuwa sehemu ya kazi yake.

Kisha kuna kuambiwa ukweli. Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Harvard, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali mbili za Marekani. Alitarajia kuwa wodi zenye viongozi wazuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume: huko ndiko makosa yaliyoripotiwa yalikuwa mengi zaidi. Alipofuatilia, maelezo aliyoyapata, na aliyoyachapisha mwaka 1996, ni kwamba katika wodi hizo watu walikuwa huru kusema. Kwingine makosa yalikuwa yakifichwa.

Ninaurudia utafiti huu kila ninapomsikia msimamizi akijivunia kwamba kwake hakujatokea kosa lolote. Daftari safi linaweza kuwa na maana ya wodi salama, au ya wodi yenye hofu, na tofauti kati ya hizo mbili imo katika sura ya mfawidhi pale muuguzi anapomjia na kusema, "Sista, nimempa wa kitanda cha nane dawa ya wa kitanda cha tisa." Swali lake la kwanza litazunguka wodi nzima kabla ya jioni. Akiuliza, "Mgonjwa yuko vipi sasa?" na kuongozana na mwenzake hadi kitandani, wamwite daktari, wampime, waandike kilichotokea, na baadaye tu, wakiwa wawili mlango umefungwa, waulizane ilikuwaje, basi kosa lijalo litaletwa likiwa bado linatibika. Akianza na "Umefanya nini wewe?" mbele ya wagonjwa, hatasikia tena. Akiuliza kwa utulivu, pengine atagundua kwamba chupa mbili zinazofanana zilikuwa zimekaa jirani kwenye kabati, na kwamba yeyote aliyechoka angeweza kuzibadilisha. Hilo asingelijua kwa ukali.

Tanzania ina sehemu yake katika historia ya jambo hili la kusema bila hofu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya usalama katika upasuaji, yenye vipengele 19, ilipojaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane za miji minane duniani, mmojawapo ulikuwa Ifakara, pamoja na London, Seattle, Manila na mingine. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kwa hospitali hizo zote kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Miongoni mwa vipengele hivyo kimo kimoja kinachowataka wote waliomo chumbani wajitambulishe, kila mtu jina lake na kazi yake, kabla kisu hakijagusa ngozi. Kinaonekana cha adabu tu. Lakini aliyeshatamka jina lake mbele ya bingwa ni rahisi kwake kufungua mdomo tena akiona kitambaa kimoja hakijarudi kwenye hesabu. Mfawidhi hahitaji chumba cha upasuaji kulifanya hilo. Anaweza kulifanya kwenye raundi ya asubuhi, kwa kumpa nafasi ya kusema muuguzi aliyekesha na wagonjwa, kabla madaktari hawajaanza.

Kisha kuna kupanga vifaa. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kuanzia mwaka 2007, ilikuwa ya mwanzo nchini kujaribu utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, na tangu hapo maneno yake matano, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia, yamebandikwa kwenye kuta za hospitali nyingi. Manne ya kwanza wodi inaweza kuyamaliza kwa wiki moja ya bidii. La tano halina mwisho: toroli ya dharura ikaguliwe kila zamu, barakoa ya oksijeni ya mtoto iwe kwenye droo yake hata siku ambayo hakuna ugeni wa kutoka wizarani.

Linda Hill, profesa wa Harvard aliyewafuatilia mameneja wapya 19 katika mwaka wao wa kwanza na kuandika kitabu mwaka 1992, aliwakuta wengi wao wakidhani cheo kingewapa uwezo wa kuamuru. Walichokipata ni kutegemea watu zaidi ya zamani, juu na chini yao. Mfawidhi wa wodi hulijua hili mapema. Anamtegemea mfamasia, mhudumu anayesukuma machela, fundi wa umeme, matroni mwenye wodi nyingine sita za kufikiria. Kwa hao hana amri. Ana heshima yake, ana taarifa sahihi, na ana desturi ya kuomba kabla mambo hayajawa dharura.

Ningependa hospitali zimpe mfawidhi mpya angalau mwezi mmoja wa kufanya kazi kando ya anayeondoka, walipwe wote wawili, badala ya kumpa funguo na kumtakia kila la heri. Na ningependa yeye naye, mara tu anapotulia, ampe msaidizi wake kalamu na karatasi tupu ya mwezi ujao aandike rosta. Itakuja tofauti na ambavyo angeiandika mwenyewe. Akague kama kuna aliyetoka naiti akapangiwa mchana wa siku hiyohiyo, akague kama usiku wapo wageni wawili peke yao, hayo ayarudishe kwa mwandishi ayasahihishe. Mengine yote ayaache kama yalivyo, aibandike ukutani, ikiwa na saini ya msaidizi.